Njia Ilikuwa Wazi

Kama hujawahi kumwona mtu mzima mwenye kitambi akiserereka juu ya ngozi bandia iliyolowa maji ya sabuni, basi hujafika kwenye karakana ya Tingatinga Jumatano alasiri. Siku nyingine zote fundi sofa huyo utamkuta na misumari mdomoni na nyundo mkononi, hana muda na mtu. Jumatano sasa! Anasukuma makochi ukutani, anatandaza uani kipande cha ngozi bandia kilichobaki kwenye kazi, urefu wa hatua kumi nzima, anakimwagia ndoo ya maji ya sabuni, halafu anawapigia mluzi Siafu. Siafu ni timu yake ya besiboli, watoto kumi na wanne wa miaka kumi na kumi na moja, wenye kelele za watoto arobaini.

"Nitazameni mimi kwanza!"

Anatimua mbio, anajitupa chini, mguu mmoja mbele na mwingine umekunjwa, tumbo linatikisika, shwaaa, mpaka kwenye fremu tupu ya kochi iliyosimamishwa mwisho pale badala ya mdakaji. Anasimama huku akichuruzika povu.

"Mmeona? Fremu haijaguswa. Atakayeigusa fremu anarudia, na hakuna cha huyu mtoto wa kocha wala huyu nani."

Watoto hoi kwa kicheko, halafu mmoja mmoja shwaaa, shwaaa, hadi jua linaanza kushuka na mama zao wanakuja kulalamika kuhusu nguo.

Mafunzo hayo hayakuanza kwa mapenzi yake, tusidanganyane. Yaliletwa na sheria. Msimu huo wazazi waliitana kwenye darasa moja la shule, wakabanana kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa videvu, na mwamuzi wa uwanja wao akasimama kuwasomea. Mwamuzi huyo ni fundi saa, na jina analoitwa ndilo hilohilo, Fundi Saa. Mtu mpole, mwembamba, mwenye sauti ya kumsubirisha mtu. Akasoma hivi: mkimbiaji anayefika kituoni aserereke chini au akwepe, akimvamia mlinzi kwa mwili, ametoka, na hachezi tena siku hiyo. Naye mdakaji asiye na mpira asizibe njia, amwachie mwenzake pa kupita.

Kwa asiyeujua mchezo, ni hivi. Mpigaji akishaupiga mpira kwa gongo anakimbia kuzunguka vituo vitatu, na pointi yake haihesabiwi mpaka akanyage kibao cha kituo cha nne, kinachoitwa nyumbani. Pale nyumbani ndipo mdakaji anapochuchumaa na glovu yake, anangoja arushiwe mpira amguse nao mkimbiaji kabla hajakanyaga; akimgusa, mkimbiaji ametoka. Mmoja anakuja mbio, mwingine kasimama. Usiniulize kwa nini mifupa huvunjikia hapo.

Siku ile Tingatinga alicheka kwa pua. "Basi tuwape na mito walalie," alisema, na akina baba wawili watatu wakamuunga mkono kwa kicheko. Lakini mke wake alikuwa amekaa dawati la nyuma yake. Mke wa Tingatinga ni muuguzi wa chumba cha plasta hospitalini, na mtaa mzima unamwita Mama Plasta, kwani hakuna nyumba ambayo hajawahi kuifungia mkono au mguu. Alimgusa mumewe bega kwa kidole kimoja tu.

"Baba Cheche. Mtoto nitakayemfunga plasta kwa sababu ya timu yako, siku hiyohiyo Cheche anatundika glovu. Na wewe unatundika filimbi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Tingatinga, na kicheko kikamkauka.

Kwa Tingatinga, hapo pagumu. Cheche ndiye kitindamimba wao, binti wa miaka kumi na moja, miguu yote, hatulii hata akila. Kaka zake wawili hawakuupenda mchezo, mmoja akaangukia kwenye kompyuta na mwingine kwenye kulala. Huyu ndiye aliyeupenda. Jumamosi asubuhi baba na binti walitoka nyumbani pamoja, yeye kabeba magongo, binti kabeba mfuko wa kofia ngumu, wanabishana njia nzima, na Tingatinga hakuwa na saa nyingine katika wiki yake aliyoipenda kama ile. Kuipoteza asingeweza, ndiyo maana alijitupa kwenye povu na kitambi chake. Alifundisha kweli, kwa bidii, na alishona pedi za magoti kwa vipande vya sponji kwa kila mtoto. Hadi hapo hana lawama.

Tatizo lilikuwa mdomo wake.

Unadhani jina la Tingatinga alilipata kwenye makochi? Miaka ishirini na mitatu iliyopita, akiwa kijana mwenye mabega ya mlango, alitoka kituo cha tatu katika fainali ya vijana, akafika nyumbani, akampitia mdakaji kama gari lisilo na breki. Mdakaji akaenda upande wake, mpira upande wake, na yeye akakanyaga. Uwanja ulilipuka. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita tena kwa jina la nyumbani. Kinyozi akimnyoa anamwomba hadithi. Wateja wanaokuja kuchagua kitambaa wanaletwa na hadithi. Na Cheche, huyo ndiyo usiseme, tangu ana miaka minne alikuwa halali bila kusimuliwa.

"Baba, halafu mdakaji akafanyaje?"

"Akaruka kama mto wa kochi!"

"Na alikuwa na mpira?"

"Aliukumbatia hivi! Kaziba njia yote! Ningefanyaje sasa? Nikaingia."

Na Cheche anapiga makofi kitandani.

Basi ukawa mchezo huo. Jumatano baba anamfundisha mtoto kwa miguu asimguse mtu, na usiku anamfundisha kwa mdomo raha ya kumgusa. Wala hakuona kosa lolote. Kwake yeye moja ilikuwa kazi na nyingine hadithi.

Na mdakaji aliyeruka kama mto wa kochi? Mtaa mzima ulimjua, ila hakuna aliyemtaja hadithi ikiendelea. Alikuwa Fundi Saa. Bega lake la kulia liliungwa vibaya, na toka siku ile mkono haupandi kupita usawa wa bega. Ndiyo maana akiamua mkimbiaji ametoka, ambapo mwamuzi hunyanyua ngumi juu, yeye hunyanyua ya kushoto. Watoto walidhani ndiyo staili yake, wengine wakamwiga. Lakini akiamua mkimbiaji yuko salama, ambapo mwamuzi hutandaza mikono yote miwili pembeni, Fundi Saa huitandaza yote miwili vizuri kabisa, na husema "Salaaama!" kwa sauti isiyofanana naye.

Hawakuwa na ugomvi, watu hao wawili. Kila mwaka, mvua zikiisha, Tingatinga alipita kwenye kibanda cha Fundi Saa, akabeba kiti chake cha kazi bila kusema kitu, akaenda kukibadilisha kitambaa, akakirudisha. Mkono wa kulia wa kiti hicho ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, umejazwa sponji mara mbili na umenyanyuliwa, ili kiwiko kikae juu bega lisivutike wakati anashika kibano kidogo cha saa. Hakutoza kitu. Fundi Saa alisema "Asante, bwana," naye alijibu "Haya." Biashara ikaishia hapo, miaka ishirini na mitatu.

Sasa ije fainali.

Ilikuwa Jumamosi, uwanja umefagiliwa, mistari ya chokaa mipya, wazazi wamejaa mpaka kwenye ukuta wa shule. Siafu walicheza na Nyuki, na mdakaji wa Nyuki alikuwa binti wa mwashi, mtoto mnene mwenye nguvu na heshima, anayeitwa Tofali. Mama Plasta alikaa kwenye benchi la kwanza, mfuko wa bandeji mapajani. Alikuja kama mama, alisema, lakini mfuko haukubaki nyumbani.

Awamu ya mwisho Siafu walikuwa nyuma kwa pointi moja, sita kwa tano. Wachezaji wao wawili walikuwa wameshatoka. Akitoka wa tatu, mchezo umekwisha. Na kituo cha tatu, akirukaruka kama mtu aliyekanyaga makaa, alikuwa Cheche. Tingatinga alisimama pembeni yake kwenye sehemu ya kocha.

"Mpira ukipigwa, kimbia. Ukifika, chini. Umenisikia, mama?"

"Nimekusikia, baba."

Kah! Mpira ukapigwa. Haukwenda mbali, ulidunda mara mbili ukaokotwa na mtoto wa Nyuki, akaurusha nyumbani, ukapaa juu mno. Cheche alishachomoka. Tingatinga alikuwa anaona kila kitu: Tofali amesogea hatua mbili kando kama alivyofundishwa, macho juu anautafuta mpira, na kati yake na kibao cha nyumbani kuna nafasi ya kupitisha kochi la watu watatu. Jitupe sasa, mama. Jitupe. Pointi hii hapa.

Cheche hakujitupa. Aliinamisha kichwa, akageuza bega, akaiacha njia iliyo wazi na kumfuata Tofali alipo.

Paa!

Watoto wawili chini, kofia ngumu inabingirika, vumbi. Mama Plasta alishafika kabla mtu mwingine hajainuka, amepiga magoti, vidole vinapita juu ya mfupa wa bega la Tofali, polepole, halafu shingoni, halafu mbavuni. Mwashi alisimama nyuma yake ametoa macho pima.

"Inua mkono, mwanangu. Zaidi. Juu kabisa." Tofali akainua mkono juu mpaka kwenye sikio. Akaanza kulia, lakini kilio cha hasira, si cha mfupa. Mama Plasta akashusha pumzi uwanja mzima ukamsikia. "Mzima. Amekatwa pumzi tu."

Lakini haikuwa hilo lililommaliza Tingatinga. Cheche alikuwa amesimama juu ya kibao cha nyumbani, goti limechubuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, anamtafuta baba yake kwa macho. Alipompata alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Baba! Umeniona? Kama wewe!"

Tingatinga alitaka ardhi ipasuke. Miaka yote aliyosimulia, hakuwahi kuiona sura ya hadithi ile kutoka nje. Sasa aliiona, na ilikuwa na miaka kumi na moja.

Fundi Saa alinyanyua ngumi ya kushoto. "Ametoka. Kwa kuvamia. Na hachezi tena leo." Nyuki wakalipuka kwa shangwe, kombe lao. Tabasamu la Cheche likasita, likaanguka. Akamtazama mwamuzi, akamtazama baba.

"Lakini baba mwenyewe..."

Mama Plasta aliinuka, akapangusa magoti, akamsogelea mumewe. Hakupaza sauti. "Plasta sijafunga leo. Mungu kasaidia, si wewe. Kama huyu mtoto atacheza tena au hatacheza, itategemea utakachomwambia sasa hivi. Haya, nakusikiliza."

Tingatinga alivua kofia yake. Akaivaa. Akaivua tena. Halafu akajikaza, akachuchumaa mbele ya binti yake, pale pale kwenye kibao cha nyumbani, wazazi wamewazunguka.

"Cheche, ile hadithi nimeitia chumvi."

"Chumvi gani?"

"Mdakaji hakuwa na mpira. Mpira ulikuwa bado uko njiani. Na hakuziba njia. Alisogea kando kama alivyosogea Tofali. Njia ilikuwa wazi, mama. Ningepita, ningefunga pointi yangu, na kila mtu angekwenda nyumbani mzima. Niliiona njia. Nikamfuata mtu."

"Kwa nini?"

Swali dogo hivyo, na hajawahi kujiuliza. "Kwa sababu watu walikuwa wanatazama," alisema.

Cheche alifuta pua kwa mkono wa jezi. "Na yeye akafanyaje? Ukweli."

Tingatinga aliinuka, akamgeukia Fundi Saa, aliyekuwa amesimama na barakoa yake ya mwamuzi mkononi, anatazama ardhi kama mtu aliyeangusha skrubu.

"Mwenzangu," alisema Tingatinga, "nilikuvunja bega na njia ilikuwa wazi. Nimeishi vizuri kwa hadithi hiyo, nimeitwa majina, nimepigiwa makofi, na pole sijakupa hata siku moja. Naomba unisamehe. Mbele ya mtoto wangu naomba."

Fundi Saa alichukua muda wake. Yeye na muda ni ndugu.

"Sasa kile kiti," alisema hatimaye, "kila mwaka unachokuja kukibeba, nilidhani ndiyo pole yenyewe."

"Ilikuwa ndiyo."

"Basi nilishaipokea zamani. Ila..." alikuna shingo kwa mkono wa kushoto, "...kuisikia kwa masikio ni tamu zaidi, kumbe. Ungeisema mapema, bwana, ningekuwa nakunywa nayo chai."

Mtu mmoja akacheka, mwashi akacheka, na kicheko kikazunguka uwanja, kicheko cha watu walioogopa wakapona. Tingatinga alikuwa analia na wala hakujificha. Mama Plasta alimpa bandeji ajifutie, hakuwa na leso.

Cheche hakucheka. Alimsogelea Fundi Saa. "Shikamoo, fundi. Naomba uinue mkono wa kulia."

"Marahaba." Akauinua. Ulifika usawa wa bega, ukatetemeka, ukakwama.

"Mwisho hapo?"

"Mwisho hapo, mama."

Cheche aliutazama mkono ule kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote. Halafu akamwendea Tofali, akamwambia jambo ambalo watu wazima hawakulisikia. Tofali akanuna, akafikiri, akamsukuma kidogo kifuani, Cheche naye akayumba makusudi kama aliyepigwa na lori. Yakaisha. Watoto wana mahakama zao na hukumu hazichelewi.

Njiani kurudi, Cheche alibeba mfuko wa kofia, hakubishana na mtu. Walipofika mlangoni akamuuliza mama yake, "Nitundike glovu?"

Mama Plasta alimtazama mumewe, aliyekuwa bado na macho mekundu. "Itundike mpaka Jumatano," alisema. "Ikauke vumbi."

Jumatano ngozi bandia ilitandazwa, sabuni ikamwagwa, lakini fremu ya kochi haikuwekwa. Mwisho pale, juu ya kiti chake cha kazi chenye mkono mmoja mnene, alikaa Fundi Saa na kikombe cha chai. Kabla ya zoezi Siafu waliomba hadithi, na Tingatinga akasema hadithi ile si yake tena, mwenyewe huyo hapo. Fundi Saa akaisimulia kwa upande wa mdakaji: vumbi, kishindo, mfupa unavyolia, mama yake alivyomvalisha shati miezi minne. Aliisimulia kwa utani, maana ndivyo alivyo, na watoto walicheka, lakini walikuwa wamekaa karibu karibu.

Wiki tatu baadaye Siafu na Nyuki walirudiana, bila kombe, burudani tu. Ikatokea tena, mchezo huo una tabia ya kurudia: Cheche kituo cha tatu, mpira umepigwa, Tofali nyumbani, safari hii na mpira kwenye glovu na anamngoja kwa hamu, nina wewe leo. Tingatinga hakupiga kelele. Aliuma kofia yake.

Cheche alikuja mbio kichwa juu, macho kwenye kibao, si kwa Tofali, wala kwa watu ukutani. Hatua tatu kabla ya kufika akajitupa, mguu mmoja mbele mwingine umekunjwa, shwaaa kwenye vumbi kama kwenye povu, glovu ya Tofali ikapita hewani juu ya tumbo lake, na ncha ya kiatu ikagusa kibao. Hakuna aliyemgusa mwenzake hata ukucha.

Wote wakamgeukia mwamuzi. Fundi Saa aliinama kidogo, akaangalia mguu, akaangalia glovu. Kisha akanyooka na kutandaza mikono, wa kushoto na wa kulia, yote miwili, usawa wa bega, ikafika pote ilipotakiwa kufika.

"Salaaama!"

Cheche hakumtafuta baba yake kwanza. Alilala pale chini chali, vumbi hadi mdomoni, akiitazama ile mikono miwili, na akacheka.